Hatua Saba

Walikuja Uyole asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mabati,
Gwakisa na mdogo wake Anyosisye,
viatu vimeganda udongo mweusi wa Isongole,
ramani ya mpima imekunjwa mara nne
ndani ya mfuko wa mbolea.
"Tutilie rangi. Kijani kwangu, manjano kwake.
Ukubwa wa mlango. Kikao cha ukoo ni Jumamosi."

Kazi ndogo, nilijiambia. Elfu kumi na tano na chai juu.
Nikaskani, nikaufuata mpaka kwa kipanya,
nukta baada ya nukta: mkaratusi uliokatwa, daraja la magogo,
kona ya mama Sekela, mfereji, jiwe.
Mstari ukalizunguka shamba kama mtu anayetafuta mbuzi,
ukarudi ulikoanzia.
Au nilidhani umerudi.

Nikabonyeza kijani.
Kijani hakikufuata mpaka. Kilikata kona,
kikavuka upande wa pili
kama maji yaliyoona mwanya kwenye tuta.
"Umeona?" Anyosisye akanigeukia mimi, si kaka yake.
"Hata kwenye kompyuta ananila."

Nikakuza. Asilimia mia nne. Elfu moja. Elfu tatu.
Pale palipoonekana nukta moja
palikuwa na mbili,
zinatazamana kama majirani wasiopeana moto.
Moja, mwisho wa kamba ya kaka: kwenye jiwe.
Moja, mwanzo wa kamba ya mdogo: kwenye mparachichi.
Katikati, hatua saba.
Mpima alishalipwa. Hakuuliza.

Mashine inajua namna mbili za kuunga.
Ya kwanza huchora kipande kipya, kimenyooka,
toka jiwe hadi mparachichi.
"Hapana!" walisema kwa mdomo mmoja,
na wakashtuka kuusikia mdomo huo.
"Hapo ndipo alipolala baba. Utampasua kifua."

Ya pili huzishika nukta zote mbili,
huzivuta, hii nusu, na hii nusu,
zikawa moja. Haimuulizi mtu.

Ndugu wakigombana, tuliambiwa, chukua jembe ukalime.
Mimi nilishika kipanya, kidole kikagoma.
Kubonyeza si hukumu, najua,
na kuna kitufe cha kurudisha nyuma.
Shamba halina.

Umeme ukakatika.

Tukakaa kwenye giza la saa nne asubuhi,
nje malori ya Tunduma yakikohoa mlimani.
Gwakisa akauliza, kama anaisemesha feni iliyosimama:
"Ule mparachichi bado unazaa?"
"Unazaa. Mwaka huu mengi yalidondokea kwako."
"Niliyaona."
Lori likapita. Likapita lingine.
"Sikuyaokota."
"Nami niliona hukuyaokota. Yakaoza."

Umeme uliporudi, mashine ikachukua muda wake kuamka.
Faili lilikuwepo. Mwanya ulikuwepo.
"Vuta nusu kwa nusu," alisema mdogo,
na kaka akaangalia dirishani, ambako hakukuwa na kitu,
akatikisa kichwa cha ndiyo.

Nikaunga. Nukta ikatua katikati,
juu ya kaburi kabisa.
Hakuna aliyelalamika.
Kijani kikajaa mpaka ukingoni kikasimama,
manjano yakajaa yakasimama,
na mzee katikati, robo tatu kijani, robo manjano,
kama mtu aliyevikwa jezi asiyoishangilia.

Basi nikachora duara dogo,
nikaliweka juu ya rangi zote mbili,
nikalikata kwenye hii, nikalikata na kwenye ile.
Ukikata umbo ndani ya umbo, linabaki tundu:
hakuna wino unaoingia, wa mkubwa wala wa mdogo.

Printa ililia dakika kumi na moja.
Waliitandaza kaunta, wakakandamiza pembe kwa viganja vinne.
Pale katikati palikuwa karatasi tu, nyeupe, kavu toka kiwandani,
lakini Anyosisye alipagusa taratibu kwa ncha ya kidole
kuona kama pamekauka.